Nyama ya Miro

Baraka, Jumapili alasiri

Mwanangu Wilondja,

Mama yako amekwisha kukuambia yote anayopaswa kuambiwa mtu wa safari. Nimemsikia tangu asubuhi: blanketi, sabuni, mtu wa kumwamini kule Uvira na mtu wa kutomwamini, maji ya kunywa na maji ya kutazama tu. Sina la kuongeza, na hata kama ningekuwa nalo, mama yako akishaanza kuagiza hakuna anayepata nafasi. Kwa hiyo nimechukua karatasi za daftari lako la zamani, nimekaa huku nyuma upande wa jiko, nikuandikie habari ya chakula cha mbwa.

Usicheke. Wewe unakwenda kusomea uganga wa mifugo, mimi ni mpishi. Tutakutana wapi tena kama si kwenye sufuria ya mnyama? Lakini nikuambie mapema, usije ukadhani nakuzungusha: habari yenyewe ni ya Miro, yule mbwa wa Fizi. Iko sehemu yake usiyoijua. Nimeificha miaka tisa, na kesho ukiingia katika boti bila kuijua, utakuwa umebeba mzigo wangu ukidhani ni wako.

Unanijua, mimi ni mtu wa kuchungulia. Bibi yako alikuwa akisema macho yangu yatanipeleka mahali ambapo miguu haitaki kufika. Nilipokuwa mdogo nilimfuata mjomba wangu, aliyekuwa mwindaji, katika milima ya juu ya Fizi. Mbwa wake aliwafunga kengele za mti shingoni, na siku ya kuwinda hakuwapa kitu. Mbwa aliyeshiba, alisema, anawinda usingizi. Nami niliamini kwamba mbwa ni mnyama wa njaa, aliumbwa hivyo, mpaka nilipoanza kutazama kinachofuata baada ya windo. Nyama ikiisha kupasuliwa, kabla ya mtu yeyote kupewa fungu lake, mbwa aliyeitoa porini alipewa damu, mapafu na kipande cha ini. Hakuna aliyethubutu kuruka sheria hiyo. Nikahesabu moyoni nikaona wale mbwa wa njaa wanakula vizuri kuliko watoto wa mjomba. Nikamuuliza.

“Mjomba, mbwa anakula ini, siye tunakula bukari?”

“Weye unaweza kukimbiza nguruwe ya pori?”

Lakini tangu siku ile nimekuwa nikitazama kila kilicho hai kinakula nini, na kikila kinakuwaje. Wengine wanatazama wanawake wanaopita sokoni. Mimi natazama sahani.

Basi ndipo nikapata kazi ya upishi kwa yule Mzungu wa pamba pale Fizi. Ulikuwa mdogo, lakini nyumba unaikumbuka, ile yenye veranda na miti ya machungwa nyuma. Siku ya kwanza Madamu, mke wake, alinionyesha sufuria tatu: ya kwao, ya maji ya kuoga, na ya Miro. Hiyo ya tatu ilikuwa na sheria nyingi kuliko ile ya kwao. Nyama ya ng'ombe yenye mafuta kidogo, kila siku. Wali uliopikwa ukalainika. Karoti kutoka bustanini. Ini siku ya Jumamosi. Mifupa ya ng'ombe apewe mibichi, ya kuku asipewe kabisa, maana ikipikwa inapasuka kama sindano. Chumvi hapana. Vitunguu hapana. Nilimuuliza vitunguu vina kosa gani. Akasema hajui, ila nyumbani kwao mama yake alikataza, na mama wa mama yake. Nilifurahi kusikia kwamba nao wana mabibi wa kukataza.

Nilipika. Mwanangu, nitakuambia kweli jinsi ilivyokuwa. Kila asubuhi nilikata nyama ya mbwa vipande vidogo, naye Miro amelala mlangoni, manyoya yake ya rangi ya mchanga yanang'aa utadhani yamepakwa mafuta ya mawese. Jioni nilirudi nyumbani, ng'ambo ya kijito, nikala bukari, ugali wetu wa muhogo, na sombe ya majani yake pamoja nanyi. Iliniuma. Sikumchukia Miro, nani angemchukia Miro? Niliichukia ile sufuria, na wakati huohuo nilipenda kuitazama, kwa sababu ilikuwa inanifundisha kitu. Mbwa huyu hakuugua. Macho yake yalikuwa safi, mavi yake magumu, kelele yake ya asubuhi ilifika mpaka kwa mkuu wa posta. Nilijua ni chakula. Mbwa wa kijijini, ndugu zake kabisa, walikuwa na mbavu za kuhesabika na ukurutu masikioni.

Ndipo surua ikaingia Fizi. Ulikuwa na miaka saba. Ulipona, lakini hukupona vizuri. Bibi yako aliweka sheria yake:

“Mutoto mwenye kutoka surua asikule samaki mpaka ngozi itulie. Mayayi hapana. Kuku hapana. Maharagwe itamutia tumbo.”

Hakuna aliyembishia. Hata mimi, na kuchungulia kwangu kote, sikumbishia mama yangu. Tulikulisha bukari, na ukaula, ukashiba. Baada ya majuma machache miguu yako ikaanza kuvimba. Ukibonyezwa kidole, shimo linabaki. Nywele zako zikawa nyekundu, nyepesi, zikatoka kwenye kitana cha mama yako bila kuvutwa. Ulikuwa hulii wala huchezi, unakaa ukutani tu. Nilikubeba mgongoni mpaka dispansari. Mganga wa pale alikutazama mara moja.

“Huyu mutoto haiko na ugonjwa ya dawa,” alisema. “Iko na njaa.”

“Njaa gani? Anashiba kila siku.”

“Tumbo ndiyo inashiba. Damu haishibe. Umupe nyama, samaki, maharagwe. Bukari peke yake itamumaliza.”

Nilirudi na wewe mgongoni, nikiwaza. Samaki, bibi yako ameshakataza, na maharagwe vilevile. Nilipofika kwenye kijito nikakumbuka kitu ambacho karibu kinichekeshe siku ile mbaya: katika yote aliyokataza, mama yangu hakutaja nyama ya ng'ombe. Kwa nini aitaje? Ng'ombe walikuwa wa watu wa juu, wa Minembwe. Sisi tuliwaona wakipita tu. Na nyama ya ng'ombe nilikuwa naishika kwa mikono yangu kila asubuhi.

Umekwisha kuelewa. Lakini niache niseme mwenyewe: nilichukua nyama ya Miro nikakuletea wewe.

Sikuichukua kijinga. Niliichemsha kwanza katika sufuria yake, harufu na mafuta vikabaki kwenye mchuzi, kisha nikatoa vipande nikavifunga katika jani la mgomba. Katika ule mchuzi nikasonga bukari. Miro alinusa, akala mpaka akalamba chini. Madamu alipita akasema vizuri. Nilijiona fundi. Nimewahi kupika vyakula vya Kizungu vyenye majina marefu, lakini hakuna chakula nilichojivunia kama ule uongo katika bakuli la mbwa.

Nyumbani nilimwambia mama yako ni mabaki ya mezani. Alionja.

“Baba Wilondja, hii nyama haina chumvi.”

“Bazungu banapenda hivyo.”

Kisha akachukua chumvi akatia, akakusagia ile nyama, akakulisha kwa vidole vyake. Hakuuliza tena, siku ile wala nyingine yoyote.

Sasa nakuomba usome sehemu hii kama mwanafunzi wa mifugo, halafu uisome tena kama mwanangu. Kwa muda wa miezi miwili nilikuwa na viumbe viwili mbele ya macho yangu. Mchana ulikuwa unakuja kucheza na Miro nyuma ya jiko la Bwana, na nilisimama mlangoni nikiwatazama wote wawili. Miguu yako ilikonda, maji yakatoka. Nywele mpya zikaanza kwenye mizizi, nyeusi, nyekundu zikasukumwa mbele, ikawa kichwani pako kuna mpaka kama wa shamba. Ukaanza kukimbia. Ukaanza hata kunijibu vibaya, nikamshukuru Mungu. Na Miro? Juma la pili alianza kulala sana. Juma la nne manyoya yakapoteza mng'ao, yakapukutika kwenye mapaja. Akaanza kula udongo. Akala makaa. Madamu alidhani ni minyoo. Alikuwa anajaza tumbo kila siku kama wewe ulivyokuwa unajaza, na alikuwa anaisha kama wewe ulivyokuwa unaisha. Niliona wazi kabisa kwamba ni kitu kilekile, kimetoka kwa mmoja kikaingia kwa mwingine, na mkono unaokihamisha ni wangu.

Ningepaswa kuona uchungu. Nitakuambia nilichoona: nilistaajabu. Nilisimama na mwiko mkononi nikistaajabu kwamba mbwa na mtoto wamejengwa kwa udongo mmoja namna hiyo. Huo ndio ubaya wa macho yangu. Yanaweza kutazama kitu kikifa na kusema, kumbe. Na ningeweza kugawanya, mwanangu. Wewe ulikuwa umeshapata nafuu. Nusu ingekutosha, na nusu ingemtosha yeye. Sikugawanya, kwa sababu nilikuwa nimezoea, na kwa sababu hakuna aliyenishika.

Kilichofuata unakikumbuka wewe pia, kwa upande wako. Mama yako alikuwa amemenya muhogo mchungu, ule wa kulowekwa siku nyingi kabla ya kutwangwa. Maganda tunayatupa mbali. Hata mtoto anajua mbuzi akiyala anaanguka. Lakini wewe ulijua habari ya mbuzi. Habari ya mbwa nani alikuambia? Mbwa hali maganda ya muhogo. Mbwa aliyeshiba nyama anayanusa na kupita. Uliyakusanya ndani ya kibuyu, ukayamwagia maji ya ndagala, vile visamaki vya ziwani, ukampelekea rafiki yako, naye akala yote.

Aliaga dunia jioni ileile, nyuma ya miti ya machungwa, anatetemeka na povu mdomoni. Bwana alitoka. Alikuwa anakijua Kiswahili kidogo, unakumbuka, Kiswahili cha kuamrisha. Akauliza nani amempa nini. Nawe, kwa sababu ulikuwa bado hujajifunza woga, ulisema mwenyewe:

“Ni miye nilimupa chakula. Alikuwa na njaa.”

“Njaa?” Bwana alinigeukia. “Mupishi, Miro iko na njaa kwa nini?”

Hapo, Wilondja, ndipo nilipochukua fimbo. Wewe unakumbuka kwamba baba alikupiga kwa sababu umeua mbwa wa Bwana. Siyo. Nilikupiga ili usiseme neno jingine. Nilikupiga ili lile neno njaa lifunikwe na kilio chako, na Bwana ashughulike na mtoto anayelia badala ya mpishi aliyenyamaza. Nilifaulu. Baada ya fimbo ya tatu yeye mwenyewe alinishika mkono akasema basi, mutoto hakujua. Akaingia ndani. Mzungu yule, nisiyempenda, alikuhurumia mbele yangu mimi baba yako, na nilisimama pale nikamshukuru kwa sauti.

Kazi yangu ilisalimika. Kwa miezi mingi hukutaka kuja jikoni. Mama yako alisema umeshika huzuni ya mbwa. Nikasema mtoto atasahau.

Nilijifunza kidogo baada ya hapo, polepole, jinsi watu wa aina yangu wanavyojifunza. Unamkumbuka paka wetu wa hapa Baraka, Sultani? Tulipohamia huku ziwani, Bwana alipokwisha kurudi kwao, ndagala walikuwa wengi hata kuku waliwachoka. Tulimpa Sultani ndagala wabichi kutoka kwenye mitumbwi, asubuhi na jioni, hakuna kitu kingine. Tukaona tumempeleka peponi. Baada ya miezi akaanza kuyumba kama mlevi. Kichwa kikainama kifuani, miguu ya nyuma ikamgomea. Majirani wakasema ametupiwa kitu. Wewe ulimchukua ukamlaza katika shati lako la shule, ukaniangalia mimi. Ulikuwa na miaka kumi na miwili. Nilikuona unangoja nitafanya nini.

Safari ile nilitazama kwa namna nyingine. Nilisema, hana anachokula ila hicho, basi tuanze na hicho. Nikaacha ndagala wabichi. Nikawapika, nikachanganya na ini la mbuzi na yai, nikamlisha kwa kijiko. Siku kumi hivi, kichwa kikainuka. Kabla ya mwezi kwisha alikuwa anaiba tena. Mpaka leo sijui ndagala mbichi ana nini ambacho moto unakitoa, wala kwa nini mbwa anaweza kula bukari kidogo pamoja na nyama yake akanenepa, na paka hataki nafaka hata kidogo, anataka nyama tu kama mfalme. Nimeuliza wavuvi mpaka Lweba. Wananicheka, wanasema mzee mzima anauliza habari ya tumbo la paka. Wewe utauliza watu wenye vitabu, na hawatakucheka. Uelewe tu jinsi ya kuuliza: badilisha kitu kimoja, kisha ngoja. Na unapongoja, usisahau kwamba yule anayesubiriwa anaumwa.

Ningeweza kuishia hapo, ikawa barua nzuri ya mpishi. Lakini Ijumaa nilikutana na mwalimu wako njiani, yule aliyekutafsiria siku ya mtihani wa kuingia shuleni. Alikuwa anacheka kwa furaha kwa ajili yako. Akaniambia waliuliza kila kijana kwa nini anataka kazi ya mifugo, na wengine walisema mshahara, wengine walisema kuendeleza nchi, na wewe ulisema, “Juu niliua mbwa, nataka nijue namna ya kuponya.” Alisema hata padri wa shule, aliyekuwa anauliza, aliweka kalamu chini. Alidhani nitajivuna.

Nilirudi nyumbani nikakaa. Tangu Ijumaa sijala vizuri, na mama yako, anayejua sahani kuliko mimi, ameona. Leo asubuhi ulipokwenda kuaga marafiki alikuja akasimama mbele yangu.

“Umwambie. Kama weye hutamwambia, nitamwambia miye.”

“Ulijua?”

“Chumvi aliitia nani? Kama iko dhambi, iko yetu wawili. Lakini fimbo zilikuwa zako peke yako.”

Nimegeuza jambo hili kila upande siku hizi tatu. Nikikuambia, huenda ile sababu iliyokupeleka mbele ya wale mapadri ikaanguka, na safari ikaanguka nayo. Miaka sita ya masomo, na kijana wa kwanza wa mtaa huu. Nisipokuambia, utakuwa mganga mzuri, naamini, na kila mbwa utakayemponya utamponya ukilipa deni lisilo lako. Nilifikiri nikaona kwamba nimekwisha kukulisha kitu kimoja ukiwa hujui kinatoka wapi. Sitakulisha cha pili.

Basi jua hivi. Maganda yalimwua kwa sababu aliyala, na aliyala kwa sababu ya njaa, na njaa niliitia mimi. Wewe peke yako katika nyumba ile, kati ya Mzungu na mke wake na mpishi wao, uliona mbwa ana njaa ukamletea chakula. Ulikuwa umetoka kwenye njaa hiyohiyo majuma machache kabla, ukaitambua. Kama unatafuta sababu ya kwenda shule, naona hiyo inatosha, lakini si kazi yangu tena kukuchagulia.

Na kitu kimoja bado sijui kukisema vizuri. Nyama ile ilikuponya. Nikirudishwa mahali pale, kijitoni, na wewe umevimba mgongoni, nitaichukua tena. Sitakudanganya kwamba nitaiacha. Nitagawanya, ndiyo. Na Bwana akiniuliza kwa nini mbwa ana njaa, nitamjibu. Hilo jibu ndilo linaloniamsha mpaka leo. Ni maneno machache tu, na mtoto wa miaka saba alikuwa ameshayasema nusu.

Mama yako alitaka niiweke barua hii katika sanduku, chini ya mashati, uisome ukifika Uvira. Nimekataa. Nitakupa mkononi asubuhi, kabla boti haijaanza kupakia, na nitasimama hapo mchangani mpaka umalize. Nataka uwe kwenye nchi kavu, ili ukitaka kunigeuzia mgongo uwe na mahali pa kwenda. Ukisema unabaki, sanduku nitalirudisha nyumbani mimi mwenyewe kichwani, wala sitakuuliza neno. Ukipanda bila kuniaga, nitaelewa. Ukinipa mkono nitaupokea, lakini siuombi.

Ni mimi baba yako,
niliyemwua Miro.